Tathmini ya Afya ya Akili: Yanayofanyika Ndani ya Chumba, Hatua kwa Hatua

Kwa miaka mingi nchini Kenya, mtu akitajwa kuwa na shida ya akili, jina lililofuata lilikuwa moja tu: Mathari. Hospitali hiyo ya Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1910, na kwa vizazi kadhaa jina lake limetumiwa kama tusi shuleni, sokoni na hata nyumbani. Ndiyo sababu mkazi wa Njoro au Subukia ambaye amekosa usingizi kwa miezi mitatu hukubali upesi kupimwa presha, sukari na homa ya matumbo, lakini akishauriwa kufanyiwa tathmini ya afya ya akili hujibu, "Mimi si mwendawazimu."

Hofu hiyo ina gharama. Wapo wanaofika hospitalini wakiwa wamekwisha kupoteza kazi, wameacha shule, au wameletwa na jamaa wakiwa wamefungwa kamba, ilhali shida ilianza kama kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula. Wengine hawafiki kabisa.

Makala haya yanaeleza kinachofanyika tangu mgonjwa anapoingia katika chumba cha tathmini hadi anapotoka, maswali anayoulizwa na sababu zake, na haki alizonazo. Anayejua kitakachoulizwa huwa na ujasiri wa kueleza hali yake ilivyo, na matibabu yote yanayofuata hutegemea maelezo hayo.

Tathmini ni nini?

Tathmini ya afya ya akili ni uchunguzi unaofanywa na mhudumu wa afya aliyefunzwa ili kujua mambo matatu: mtu anasumbuliwa na nini, shida hiyo imeathiri maisha yake kwa kiasi gani, na kama kuna hatari inayohitaji kushughulikiwa siku hiyo hiyo.

Hakuna mashine inayopiga picha ya mawazo, wala kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba mtu ana mfadhaiko. Kifaa kikuu ni mazungumzo. Tathmini si mtihani, kwa hivyo hakuna anayefaulu wala kuanguka. Si kesi pia. Mhudumu hatafuti mkosaji.

Mkazi anashauriwa kutafuta tathmini iwapo dalili kama hizi zimedumu kwa wiki mbili au zaidi na zinavuruga kazi, masomo au uhusiano wake na watu:

- huzuni isiyoisha, au kutofurahia tena mambo aliyoyapenda;
- kukosa usingizi, au kulala kupita kiasi;
- hofu au wasiwasi unaoufanya moyo kwenda mbio bila sababu inayoonekana;
- hasira za mara kwa mara, kujitenga, au kulia bila kujua sababu;
- pombe, bangi, muguka au dawa nyingine kuwa jambo asiloweza kuliacha;
- maumivu ya kichwa, mgongo au tumbo yasiyopona ingawa vipimo havionyeshi ugonjwa.

Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anayeamini kwamba watu wote wanamfuata, au anayewazia kujiua hapaswi kusubiri wiki mbili. Huyo aende siku hiyo hiyo.

Pa kuanzia

Si lazima safari ianzie katika hospitali kubwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka wa 2010 mwongozo unaoitwa mhGAP, ulioandikwa mahususi kwa wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wa kawaida, ili waweze kutambua na kutibu magonjwa ya akili yanayotokea sana bila kungoja mtaalamu bingwa. Katika kaunti yenye kaunti ndogo 11 na wakazi 2,162,202 kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, si rahisi kila mmoja kumwona daktari bingwa, na wengi hawamhitaji.

Mkazi anaweza kuanza kwa mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chake, au kwenda moja kwa moja katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo ataonwa na muuguzi au afisa wa kliniki. Shida ikihitaji mtaalamu, atapewa barua ya rufaa. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wengi bado huiita PGH, hupokea wagonjwa wa rufaa, na Hospitali ya Gilgil imejulikana kwa miaka mingi kwa wodi zake za wagonjwa wa akili.

Kabla ya kwenda, ni vyema mkazi awe amejiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147# au kwa kusaidiwa na mhamasishaji wa afya. Mamlaka hiyo ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa aliyejiandikisha.

Vya kubeba

Kitambulisho na kadi au kijitabu cha hospitali ni muhimu. Dawa zote anazotumia mgonjwa zibebwe, zikiwemo za kienyeji na za kununua dukani, kwa kuwa baadhi ya dawa huweza kubadilisha usingizi na hisia za mtu. Inafaa pia kuandika kwenye karatasi dalili zilianza lini na nini kilikuwa kikiendelea wakati huo. Mtu akiwa na wasiwasi husahau, na karatasi humkumbusha.

Anaweza kuandamana na mtu anayemwamini. Hata hivyo, mhudumu ataomba kuzungumza na mgonjwa akiwa peake yake kwa muda, kwa sababu yapo mambo ambayo mke hasemi mbele ya mume, wala kijana mbele ya mzazi.

Hatua ya kwanza: maelezo

Mazungumzo huanza kwa swali pana: "Mama, ni nini kimekuleta leo?" Mgonjwa hahitaji kujua jina la ugonjwa. Akisema ana mawazo mengi, kichwa kimejaa, au roho imechoka, hayo yanatosha kuanzia. Anaweza pia kuomba kuongea kwa lugha anayoimudu vizuri zaidi, na kituo kitafute wa kutafsiri.

Mfano wa kubuni unaweza kusaidia. Mkulima wa viazi huko Molo, mwenye umri wa miaka 45, amekwenda zahanati mara nne kwa sababu ya maumivu ya kichwa na mgongo. Kila mara amepewa dawa za maumivu. Mara ya tano, afisa wa kliniki anamuuliza, "Baba, usingizi wako uko vipi?" Inabainika kwamba mkulima huyo huamka saa tisa usiku kila siku, hajaenda shambani kwa wiki sita, na aliacha kwenda kanisani kwa kuona aibu ya deni. Maumivu ya mgongo ni ya kweli. Lakini yamebeba jambo jingine, ambalo lisingejulikana bila swali hilo.

Baadaye mhudumu huuliza kuhusu familia, kazi, ndoa, malezi, magonjwa ya zamani, na kama kuna jamaa aliyewahi kuugua vivyo hivyo. Huuliza pia kuhusu pombe na dawa za kulevya. Hapa wengi hupunguza hesabu. Anayekunywa kila siku husema "mara moja moja." Hilo linaweza kumfanya apewe dawa isiyopatana na pombe, kwa hivyo ni usalama wake kusema kiasi halisi.

Swali jingine ni kama mtu amepitia tukio la kutisha. Eneo hili lina historia nzito: ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, kupasuka kwa bwawa la Solai tarehe 9 Mei 2018, na mafuriko ya Mai Mahiu mwezi wa Aprili 2024. Aliyenusurika anaweza kuwa salama mwilini, lakini mvua ikianza kunyesha usiku anatokwa na jasho, anaota ndoto zile zile, au hukwepa njia inayopita pale tukio lilipotokea. Dalili hizo zina matibabu hata miaka mingi ikiwa imepita. Mgonjwa halazimishwi kusimulia tukio lote siku ya kwanza. Anaweza kusema, "Hilo bado sijaweza kulizungumzia," na mhudumu ataliheshimu.

Hatua ya pili: hojaji

Mara nyingi mgonjwa huulizwa maswali mafupi yaliyopangwa. Hojaji ya PHQ-9 ina maswali tisa kuhusu mfadhaiko. Kila swali huuliza jambo fulani limemsumbua mtu mara ngapi katika wiki mbili zilizopita, na jibu hupewa alama kuanzia 0, yaani halijamsumbua kabisa, hadi 3, yaani karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 10 au zaidi humwambia mhudumu achunguze kwa makini kama kuna mfadhaiko unaohitaji matibabu. GAD-7 ina maswali saba kuhusu wasiwasi, na AUDIT, iliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani, ina maswali kumi kuhusu unywaji wa pombe.

Kina mama wajawazito na waliojifungua wanaweza kuulizwa maswali kumi ya hojaji ya Edinburgh, iliyochapishwa mwaka wa 1987. Mmoja wa waliyoiandaa, Dkt. John Cox, alikuwa amefanya utafiti miaka ya 1970 miongoni mwa kina mama wa Kasangati, nchini Uganda. Mama anayelia kila siku baada ya kujifungua, au anayeogopa kuachwa peke yake na mtoto, hapaswi kuambiwa kwamba hana shukrani. Aelekezwe kliniki.

Alama hizi peke yake hazimpi mtu jina la ugonjwa. Ni kama kipimajoto: huonyesha kwamba kuna joto, kisha mhudumu hutafuta chanzo.

Hatua ya tatu: kuangalia hali ya akili

Wakati wote wa mazungumzo, mhudumu huangalia jinsi mgonjwa anavyozungumza, kama mawazo yanafuatana, na hisia zake zikoje. Anaweza kumuuliza leo ni siku gani na wako mahali gani, kumwomba akumbuke maneno matatu baada ya dakika chache, au atoe 7 kutoka 100 mara kadhaa. Maswali haya huwashangaza watu wenye elimu, na huwatia aibu ambao hawakusoma sana. Hayapimi elimu. Yanapima kumbukumbu na umakini, na mhudumu hubadilisha maswali kulingana na mtu aliye mbele yake.

Ataulizwa pia kama husikia au huona vitu ambavyo wengine hawavioni. Mjane aliyesikia sauti ya marehemu mumewe wiki chache baada ya mazishi si lazima awe mgonjwa. Vivyo hivyo, anayeamini katika maono au anayehofia kurogwa haandikiwi ugonjwa kwa sababu ya imani yake. Mhudumu huuliza kama familia na waumini wenzake wanaliona jambo hilo kama yeye anavyoliona, na kama limemzuia kula, kulala au kufanya kazi. Maombi na dawa havigombani. Anayeombewa anaweza kuendelea kuombewa huku akitumia matibabu.

Hatua ya nne: kupima mwili

Wengi hushangaa kuona damu ikitolewa. Sababu ni kwamba magonjwa mengi ya mwili hujifanya ya akili. Upungufu wa damu na tezi ya shingoni iitwayo thairoidi isiyofanya kazi vizuri huleta uchovu na huzuni. Tezi hiyo hiyo ikifanya kazi kupita kiasi huleta wasiwasi na moyo kwenda mbio. Virusi vya Ukimwi, kaswende na kifafa pia huweza kubadilisha tabia ya mtu.

Muhimu zaidi ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mtu aliyekuwa mzima juzi na leo hajui alipo huenda ana malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au sukari iliyoshuka. Mnywaji wa miaka mingi aliyeacha pombe ghafla anaweza kuanza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo na hata kupata degedege katika siku chache za kwanza. Hali hizi huua. Hazingoji siku ya kliniki wala kikao cha familia. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja.

Swali ambalo wengi huogopa

Swali la tisa la PHQ-9 huuliza kama mtu amewazia kwamba ni heri angekufa, au amefikiria kujidhuru. Mhudumu akisikia ndiyo, atauliza zaidi: mawazo hayo huja mara ngapi, kama kuna mpango, kama aliwahi kujaribu, na kama nyumbani kuna vitu hatari kama dawa za kunyunyizia mimea. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kujiua. Kwa wengi, ni mara ya kwanza kupumua.

Kwa muda mrefu wagonjwa walikuwa na sababu ya kunyamaza. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na aliyenusurika angeweza kutolewa wodini na kupelekwa mahakamani. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, katika kesi iliyowasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Mahakama iliona kwamba kifungu hicho kilimwadhibu mtu kwa sababu ya afya yake na kumvunjia heshima.

Kwa hivyo, jibu la ndiyo humletea mgonjwa mpango wa usalama: nani atakaa naye, nani atapigiwa simu usiku, na vitu hatari vitawekwa wapi. Familia za wakulima huombwa kufungia dawa za shambani mahali pengine na ufunguo ukae na mtu mwingine. Hatua hiyo ndogo huokoa maisha.

Usiri na haki za mgonjwa

Anayosema mgonjwa ni siri. Katiba ya 2010 inalinda faragha katika Kifungu cha 31, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Mwajiri, mwalimu, mchungaji au chifu hapaswi kupewa maelezo bila idhini ya mgonjwa. Usiri una mipaka michache: maisha ya mgonjwa au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikitoa amri. Mgonjwa ana haki ya kuuliza mipaka hiyo kabla ya kuanza kueleza.

Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka wa 2022 yalitaja wazi haki ya kuelezwa matibabu, kuyakubali kwa hiari, na kushiriki katika kuyapanga. Mgonjwa anaweza kuuliza: Dawa hii ni ya nini? Ina madhara gani? Kuna njia nyingine? Kulazwa bila hiari kupo kisheria, lakini kuna masharti yake, na si hatima ya kila anayefanyiwa tathmini. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Baada ya tathmini

Huenda mgonjwa asipewe jina la ugonjwa siku ya kwanza. Baadhi ya hali huhitaji kuonwa mara mbili au tatu, na hiyo ni dalili ya uangalifu. Mpango unaweza kuwa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili, pamoja na tarehe ya kurudi.

Si kila mtu hupewa dawa. Aliyepewa za mfadhaiko ajue kwamba huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu yake kamili, na madhara madogo kama kichefuchefu huweza kuja mapema kuliko nafuu. Hapo ndipo wengi huziacha wakidhani hazifai. Asiache ghafla wala kumgawia jirani. Arudi kituoni aeleze. Anayepata nafuu pia aendelee hadi mhudumu amwambie.

Familia ina kazi yake: kumkumbusha tarehe, kula naye, kutomwita majina, na kutomfunga kamba. Mgonjwa akiwa mkali, waite mhudumu wa afya na kuondoa vitu hatari karibu naye.

Nambari za msaada

- Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ushauri nasaha bila malipo: 1199
- Befrienders Kenya, kwa anayewazia kujiua: 0722 178 177
- NACADA, kwa shida za pombe na dawa za kulevya: 1192
- Childline Kenya, kwa watoto na wanaowatetea: 116

Kunapokuwa na hatari ya maisha, mgonjwa asiachwe peke yake. Apelekwe katika hospitali iliyo karibu, mchana au usiku. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.